Vidole Viwili Chini ya Kiwiko

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, Mwalimu Sekela Mwandemba alisimama nyuma ya kioo akamtazama mume wake akishikwa mkono na mwanamke mwingine. Hakuwa na wa kumshtaki. Mikono iliyomshika ilikuwa yake mwenyewe.

Ng'ambo ya kioo, Tumpe Mwasomola, mtabibu kijana, alikuwa amevaa soksi. Ndivyo watu wote pale Chuo cha Isyeto walivyoliita vazi lile la kijivu linaloanzia ncha za vidole na kuishia begani, ingawa kwenye makaratasi lilikuwa na jina refu. Mbele yake alikaa Anyosisye, Baba Lugano, aliyekuwa mwonja chai wa ushirika kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka mwezi Machi kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kulia na kumwachia maneno ya kuhesabu. Mezani palikuwa na bakuli la chai na kijiko kipana chenye kina, kile cha waonjaji.

"Mnaona nini?" Sekela aliwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili waliojipanga kando yake.

"Amepewa kijiko badala ya mpira wa mazoezi," alijibu kijana wa mbele.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu maisha yake yote ameshika kijiko. Mpira hajui wa nini."

"Vizuri. Tiba yetu ni kazi ya mtu mwenyewe. Mpishi mpe mwiko, mshonaji mpe sindano. Ukimpa mpira mtu asiyecheza mpira, umempa adhabu."

Mkono wa kijivu ulimzunguka Anyosisye kama unaomfahamu siku nyingi. Kijiko kikatoka bakulini, kikapanda taratibu, kikafika mdomoni. Akaivuta chai kwa nguvu, fyuuu, mvuto wa waonjaji unaosikika chumba cha pili, na wanafunzi wakacheka kwa furaha. Kisha Anyosisye akaushika ule mkono wa kijivu kwa mkono wake mzima, akaubandika shavuni.

"Mama Lugano," akasema.

Tumpe akageuka haraka kutazama kioo, ingawa upande wake hakuona kitu isipokuwa sura yake.

"Mwalimu, amekutaja wewe!" kijana wa mbele akasema.

"Mimi niko huku," alisema Sekela. "Andikeni pembe ya kiwiko."

Soksi ilikuwa na nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Zikipata umeme zinajikaza, na zikijikaza zinauvuta mkono wa mvaaji ufuate mwendo wa mkono mwingine uliorekodiwa zamani: kasi yake, uzito wake, hata kusitasita kwake. Mkono uliorekodiwa ulikuwa wa Sekela alipokuwa na miaka thelathini na sita. Alikaa kwenye chumba hicho hicho miezi saba, waya zikiwa zimemganda ngozini, akiwahudumia wagonjwa mia moja na arobaini wa kiharusi. Sasa, miaka ishirini na mitatu baadaye, mikono yake ya wakati ule ilivaliwa na watu elfu nne na zaidi nchi nzima, hadi kwenye zahanati ambazo mtabibu wa kweli hajawahi kukanyaga. Mtu aliyesoma miezi mitatu alivaa soksi akawa na mikono ya aliyefundisha miaka mingi.

Hilo lilimfanya Sekela kuwa mtu mkubwa. Lilimfanya pia, tangu mwezi Machi, kuwa mwanamke mwenye wivu usio na pa kwenda. Kumwonea wivu mwanamke mwenzako kuna njia zake: unamtazama viatu, unamtafutia kasoro, na ukitafuta huikosi. Lakini utamfanyaje mwanamke ambaye ni wewe, ana miaka thelathini na sita, na kidole chake gumba hakiumi?

Asingeweza hata kumtibu mume wake badala ya Tumpe. Mtabibu hatibu mtu wa nyumbani kwake; sheria hiyo ilikuwa kwenye mwongozo wa chuo, ukurasa wa tatu, na aliyeiandika ni yeye.

*

Jumapili mchana aliivunja. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikipiga bati kama kawaida yake, ndizi zimeiva jikoni, na Anyosisye amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Sekela akaweka bakuli lile lile na kijiko kile kile, chai ya daraja la kwanza, moto wake sawasawa. Akauweka mkono wake wa kulia juu ya mkono wa mume wake. Mkono wake halisi, wenye mishipa iliyotuna na gumba lililoanza kupinda.

"Haya, Baba Lugano. Chai."

Anyosisye akakitazama kijiko. Akakitazama kiwiko chake. Akasubiri.

"Unasubiri nini? Jumanne uliinua kijiko mpaka mdomoni, mimi mwenyewe nilikuona."

Mkono haukusogea hata unywele. Sekela akabadilisha mkao, akapapasa bega, akaimba chinichini kama alivyowaimbia wagonjwa wote. Dakika tano. Dakika kumi. Anyosisye akakitazama tena kiwiko, kisha akautazama mlango, kama mgeni aliyeahidiwa mwenyeji naye hatokei. Mwishowe akaugeuzia uso dirishani. Tangu Machi hakuwa amemwambia mke wake neno hata moja. Maneno machache aliyobaki nayo aliyapeleka chuoni.

Sekela akasimama, akaimwaga chai kwenye sinki.

"Basi kanywe kwa huyo Mama Lugano wako wa soksi!"

Anyosisye hakuweza kujibu, na kumfokea mtu asiyeweza kujibu ni sawa na kumpiga aliyefungwa kamba. Sekela alilijua hilo. Aliliosha bakuli mara mbili, akalifuta, akalirudisha kabatini, na aibu haikutoka.

Jumatatu asubuhi alijaza fomu ya tathmini ya mwaka ya Tumpe. Kwenye kipengele cha "mahusiano na mgonjwa" akampa nne kati ya kumi. Jumla ikaja hamsini na nne. Akaituma kabla hajabadili mawazo.

*

"Ni saini tu, Mwalimu," alisema Dokta Kyando, mkuu wa chuo, akimsogezea kishikwambi. Alikuwa mpole, na tumbo lake lilitangulia mlangoni kila alipoingia. "Miaka mitano imeisha. Sheria inadai mwenye mikono akubali upya, la sivyo mikono inafutwa. Siku ya mwisho ni Ijumaa."

"Na nisiposaini?"

Kyando akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Soksi zinabaki soksi. Nyuzi bila mwendo. Kwa nini usisaini?"

Sababu alikuwa nayo, tena nzuri. Wanafunzi hawajifunzi tena. Wanavaa mikono ya mtu, wanavua, wanakwenda nyumbani na vichwa vitupu. Alilisema hilo vizuri, kwa mifano, kama mtu anayetoa mhadhara, na Kyando akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umelisema hilo lini kwa mara ya kwanza, Mwalimu?"

"Leo."

"Miaka ishirini na mitatu hukulisema."

"Nalisema sasa."

"Tangu Baba Lugano aanze mazoezi na Tumpe." Kyando alishusha sauti. "Nimeiona tathmini yake. Nne kati ya kumi? Binti ambaye wagonjwa wanamletea parachichi mpaka tunakosa pa kuziweka?"

Sekela akachukua mkoba wake. "Nitakujibu Ijumaa."

Hakwenda darasani. Alikwenda kwenye chumba cha kumbukumbu, mahali ambapo kila zoezi lililofanywa pale chuoni limehifadhiwa, akajifungia. Alitaka kumkamata Tumpe. Tuseme ukweli: alitafuta mkono uliokawia shavuni kuliko inavyotakiwa, tabasamu lisilo la kikazi, chochote ambacho angekipeleka kwa Kyando na kusema, haya, nne kati ya kumi hiyo hapo. Akatazama mazoezi yote ya mume wake, arobaini na moja, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole.

Tumpe hakuwa na kosa. Alikuwa na adabu inayoudhi.

Kwenye zoezi la kumi na tisa Sekela alirudisha nyuma, akatazama tena. Akarudisha tena. Kabla kijiko hakijaondoka bakulini, mkono wa kijivu ulishuka chini ya kiwiko cha Anyosisye, ukakigusa kwa vidole viwili, kidogo mno, kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka. Kisha ndipo mkono wa mgonjwa ukaanza.

Alipima. Vidole vilifika nusu sekunde kabla misuli ya Anyosisye haijafanya lolote. Kabla, si baada. Akatazama zoezi la ishirini, la thelathini, la arobaini na moja. Kila mara. Akafungua mazoezi ya wagonjwa wengine, kutoka Rungwe, Kigoma, Mtwara, wavaaji ambao hajawahi kuwaona. Vidole viwili chini ya kiwiko, nusu sekunde kabla.

Gumba lilianza kumpwita. Mguso ule aliufahamu. Ulikuwa wake alipokuwa kijana mwenye sifa na haraka, aliyependa kumwona mgonjwa akifanikiwa mbele ya wageni. Aliuacha akiwa na miaka arobaini, baada ya kugundua kwamba wagonjwa wake wanafanya vizuri kliniki na kurudi nyumbani wamekaa kama magunia. Tangu hapo aliwafundisha wanafunzi, mwaka baada ya mwaka: ukimwanzishia, umemwibia. Ubongo uliojeruhiwa unatafuta njia mpya ya kuuambia mkono "anza", na njia hiyo inachimbwa kwa kuanza. Mtu mwingine akianza kwa niaba yake, haichimbwi. Anachojifunza mgonjwa ni kusubiri.

Aliacha yeye. Mikono iliyorekodiwa haikuacha. Na haikumpitia akilini hata siku moja kuirudia na kuikagua, maana kila mwaka ripoti zilikuja zikiisifu, na mtu anayesifiwa huwa hana haja ya kuuliza maswali. Alama za maendeleo zilipimwa na soksi yenyewe, ikiwa imevaliwa. Nyumbani kwa mgonjwa hakuna aliyepima.

Kwa hiyo Anyosisye hakumkataa. Alisubiri kuguswa kiwiko.

Sekela alikaa mbele ya picha iliyoganda, na cha kwanza alichosikia moyoni, kabla ya huzuni na kabla ya hofu, kilikuwa furaha. Aliiona, akaijua ni ya mke ambaye hakukataliwa, huku maelfu ya wagonjwa wakisubiri kiwiko, akajichukia.

*

Ili asijidanganye, alikwenda wodini kwa mgonjwa asiye wake. Mama Enesi alikuwa mkaanga vitumbua wa Kiwira, kiharusi kilimpata Juni, na soksi ilimhudumia kwa wiki tisa. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote pale wodini. Ulimi wake haukuguswa na ugonjwa.

"Mwe! Mwalimu mwenyewe leo," alisema. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mama. Nataka ugeuze kitumbua."

Akamwekea kikaango baridi na kijiti cha kugeuzia. Akakaa pembeni, mikono yake mitupu mapajani. Mama Enesi akautazama mkono wake, akautazama tena, akamtazama Sekela kama muuzaji anayemngoja mteja atoe hela.

"Haya," alisema Sekela.

"Haya nini? Mbona hunigusi?"

"Nikuguse wapi?"

"Hapa kwenye kiwiko, jamani! Nitaanzaje bila kuguswa?"

"Nyumbani ulipokwenda wikendi uligeuza vitumbua?"

"Nyumbani nani atanigusa? Mume nilishamzika." Mama Enesi akainama karibu, akashusha sauti kwa utamu wa mtu mwenye habari. "Wako anaguswa vizuri lakini. Anamwita yule binti kwa jina lako, unajua? Wodi nzima inajua. Kikulacho ki nguoni mwako, Mwalimu, nami naona cha kwako hakina hata nguo, kina soksi."

Sekela alicheka. Hakutaka, kicheko kikamtoka tu. Kisha akatoka nje ya wodi akasimama kwenye baraza, akalia kwa muda mfupi, akapenga kamasi.

*

Tumpe alimkuta pale barazani. Alikuwa amevua soksi, ameikunja chini ya kwapa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu zake mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Hamsini na nne, Mwalimu?"

"Nilikuonea. Nimeshamwandikia Kyando aifute."

Tumpe alikuja amejiandaa kwa vita, na sasa hakuwa na wa kupigana naye. "Kwa nini uliniandikia?"

"Kwa sababu mume wangu anakubandika shavuni."

"Hanibandiki mimi! Ningekuwa nimevaa ndoo angeibandika ndoo, mradi ina mikono yako. Unafikiri mimi napenda? Naitwa jina la mtu, napapaswa kwa niaba ya mtu, nikitoka pale sijui hata kama nina kazi. Wagonjwa wananiletea parachichi, na mimi sijui nimefanya nini." Akafuta uso kwa mkono wa gauni la kazi. "Ulinirudisha mtihani wa vitendo mara mbili. Ulisema mikono yangu ina haraka kama ya mtu anayeiba. Bila hii soksi mimi si kitu, na wewe ndiye unayejua."

"Keti."

Wakakaa kwenye benchi. Sekela akamweleza juu ya kiwiko. Alimweleza bila kuzunguka, kama anavyomweleza mgonjwa kwamba kidole hakitarudi. Tumpe alisikiliza akiigeuzageuza soksi mikononi, mwishowe akaiweka chini sakafuni.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiwaharibu."

"Mimi ndiye niliyewaharibu. Wewe ulikuwa mfuko wa mikono yangu."

"Asante, Mwalimu."

"Sijui kusema maneno laini. Umenijua leo?"

*

Ijumaa Kyando aliagiza chai na mandazi, dalili kwamba anatarajia mazungumzo marefu. Sekela akaweka kishikwambi mezani bila saini, na juu yake ripoti ya kurasa sita: vipimo, tarehe, majina ya wagonjwa thelathini aliowapima bila soksi tangu Jumanne. Ishirini na sita walikaa wakisubiri kiwiko.

Kyando alisoma vipimo vyote. Alikuwa mtaalamu kabla hajawa na tumbo.

"Hatuwezi kuuondoa mguso huo tu? Mafundi wauchomoe, mengine yabaki?"

"Nimewauliza. Mwendo wote umefumwa pamoja. Kila kinachofuata kinahesabu kwamba kiwiko kimeshaguswa. Ukiuchomoa, soksi inamvuta mgonjwa kabla hajawa tayari. Itavunja mabega."

"Turekodi upya."

Sekela akauinua mkono, akaikunja ngumi. Gumba likakataa kufika. "Na gumba hili? Unataka nchi nzima ipate baridi yabisi?"

"Mwalimu mwingine basi."

"Atatafutwa. Itachukua miaka miwili."

Kyando akasukuma sahani ya mandazi pembeni. "Miaka miwili. Kuna mhudumu mmoja wa zahanati kule Kalambo, hana kitu isipokuwa soksi yako. Mgonjwa wake anainua kijiko mhudumu anapoivaa. Kijiko cha uongo, sawa. Lakini kwa dakika hizo anakula mwenyewe, mtoto wake anamwona anakula mwenyewe. Unamnyang'anya hicho umpe nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Sekela hakuwa na jibu safi. Alilitafuta siku tatu. Ukimwacha yule mgonjwa na soksi, atasubiri kiwiko mpaka azikwe. Ukiiondoa, huenda asiinue kijiko kabisa, kwa sababu mhudumu wake hajui kufanya lolote kwa mikono mitupu. Mlango wowote utakaoufungua, kuna mtu amekaa nyuma yake.

"Sheria inatoa siku tisini kabla mikono haijafutwa," alisema. "Siku hizo nitafundisha kwa skrini, kila asubuhi, wavaaji wote. Waivue saa moja kwa siku, kisha mbili, kisha tatu. Wa Kalambo nitakwenda mwenyewe."

"Na wasioweza kujifunza?"

"Wapo. Wagonjwa wao watapata hasara, na hasara hiyo itakuwa na jina langu. Ninalijua."

Kyando akaifunga ripoti. "Unajua watakachosema."

"Kwamba ni wivu."

"Kila mtu. Watasema mama wa watu aliona mume wake anashikwa, akaamua kuzima nchi nzima."

"Wivu upo, Kyando. Ndio ulionipeleka chumba cha kumbukumbu. Nilikwenda kumtafutia binti wa watu kosa, nikapata la kwangu." Akasimama. "Wivu upo, na kiwiko kipo. Waandike vyote viwili. Mimi nimeandika ukurasa wa sita."

Kyando akafungua ukurasa wa sita, akakuta ndivyo ilivyo: *Mwandishi wa ripoti hii ni mke wa mgonjwa namba 1, na uchunguzi ulianza kwa sababu zisizo za kitaalamu.*

"Hukuwa na haja ya kuandika hili."

"Wangeligundua. Bora walikute limekaa mezani."

*

Alhamisi iliyofuata hakusimama nyuma ya kioo. Aliingia chumbani, akakaa kwenye kiti cha kona. Mume wake alikuwa mezani, na mbele yake alikaa Tumpe, mikono mitupu. Vidole vyake vilikuwa vifupi, kucha zimekatwa mpaka nyama, na viganja vililowa jasho mpaka akavifuta kwenye gauni mara tatu.

"Mwalimu, si ukae wewe hapa?" alinong'ona. "Mimi wa nini?"

"Mtabibu hatibu mtu wa nyumbani kwake."

Sekela alisema hivyo kwa sauti kavu. Mikono ya kukopesha alikuwa amekataa kuisainia. Sasa alikuwa anamkabidhi mume wake kwa mikono ya msichana mwenyewe, yenye joto lake, na hata kisingizio kwamba anayemshika ni yeye kilikuwa kimekwisha. Alitaka Tumpe ashindwe. Alitaka pia Anyosisye anywe chai. Yote mawili alikaa nayo kwenye kiti kimoja.

"Mwambie kazi yake," alisema.

"Baba, chai ipo. Onja utuambie ya shamba gani."

Anyosisye akakitazama kijiko. Akakitazama kiwiko. Akasubiri.

Mkono wa Tumpe ukanyanyuka wenyewe, ukaelekea chini ya kiwiko. Wiki zote za soksi zilikuwa zimeacha mwendo ndani ya misuli yake.

"Rudisha," alisema Sekela.

Ukarudi.

Dakika nne. Anyosisye akaanza kutweta. Akamtazama Tumpe, akakionyesha kiwiko chake kwa kidevu, kama mtu anayemwonyesha mhudumu kikombe kitupu. Tumpe akamtazama Sekela. Sekela akatikisa kichwa. Dakika saba. Mvuke wa chai ukaisha juu ya bakuli. Jasho likamtoka Anyosisye kwenye paji la uso, na machozi ya hasira yakajaa.

"Anaumia, Mwalimu."

"Anatafuta. Muulize shamba gani."

"Baba, ya shamba gani?"

Sekela alijua mkono wake mwenyewe ungeweza kuimaliza sekunde hiyo. Vidole viwili tu. Angemwona akinywa, angemwona akicheka, na huenda angemwita jina lake. Akaikandamiza mikono katikati ya magoti.

Dakika ya kumi na moja, kwenye bega la kulia la Anyosisye, kitu kidogo kikacheza chini ya ngozi, kama samaki anayegeuka majini. Tumpe alikiona. Hakugusa. Kiwiko kikaondoka mezani kwa upana wa kidole kimoja. Kikatua. Kikaondoka tena, upana wa vidole viwili, vitatu, kijiko kikatoka bakulini kikitetemeka, chai ikamwagika mezani, ikamwagika kwenye shati, na nusu ya kilichobaki ikafika mdomoni, na nusu nyingine puani. Akakohoa. Hakukuwa na fyuuu.

"Baba!" Tumpe alipiga kelele, akapiga makofi kama mtoto. "Umeanza mwenyewe! Mwenyewe!"

Anyosisye akamtabasamia msichana yule, tabasamu zima, lililopinda upande mmoja. Sekela aliliona likimpita, likatua pengine, na liliuma vile vile lilivyouma nyuma ya kioo.

Kisha Anyosisye akageuza kichwa kwenye kona. Akamtazama mke wake aliyekaa pale dakika kumi na moja akamwacha atokwe jasho. Midomo yake ikafanya kazi, ikakosea, ikarudia, na uso ukakunjamana kwa hasira na juhudi.

"Mchoyo," akasema. "Mchoyo we!"

Tumpe akashtuka. "Hapana, baba, usiseme hivyo, Mwalimu ali..."

"Mwache." Sekela alikuwa amekwisha inuka. "Andika muda. Andika kiwiko, mara tatu, bila kuguswa."

Tumpe akaandika.

"Na alilosema?"

"Andika hilo pia. Maneno mawili, yanasikika vizuri." Sekela akachukua kitambaa, akaanza kuifuta chai kwenye shati la mume wake, ambaye alikuwa bado anamkodolea macho. "Andika amemwambia mkewe."